Chakula cha Mchana Shatoni

Baba yangu alikataa kuja. Alisema hawezi kusafiri siku nzima juu ya kamio la magunia ili mzungu aangalie namna anavyotafuna. Alikuwa amekaa mlangoni akichonga mpini wa jembe, wala hakuinua macho. Mama akanyamaza, na mama akinyamaza ujue yuko upande wa baba. Niliingia ndani nikaichana karatasi ya majina ya watakaosafiri, ambayo nilikuwa nimeinakili mara nne kwa sababu ya doa moja la wino, nikaanza ya tano. Nikawadharau wote wawili.

Nalisema hilo mapema ili lisije likanishinda baadaye. Miaka ile nilimdharau karibu kila mtu, na niliyeshindwa kumdharau nilimwogopa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, karani wa nyumba ya kukaushia maua ya pareto hapa Karuba. Shule nilisoma miaka mitatu tu, kwa wamisionari. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi ya Kifaransa iliyotupwa na bibi wa mwenye shamba, ambayo panya walikuwa wamekula kurasa zake tangu mwanzo mpaka mwisho wa herufi C. Kwa hiyo nilijua uma unaitwaje kwa Kifaransa miaka miwili kabla ya kujua kisu na sahani. Sikumwambia mtu. Ofisini, nikihitaji neno la kurasa zile zilizoliwa, nilikohoa.

Niliitaka kadi. Serikali ya wazungu ilimpa kadi ile Mwafrika iliyemhesabu kuwa amestaarabika, na kabla ya kumpa ilimkagua. Waliangalia choo chake, vitanda vya watoto wake, vitabu vyake, na kama mke wake anakula naye meza moja au anakula jikoni na kuku. Wengine waliitaka ili waruhusiwe kununua divai. Divai hunipa maumivu ya kichwa. Mimi niliitaka kwa sababu mwenye kadi hakuchapwa. Mwaka mmoja kabla ya safari hii nilimwona karani aliyenitangulia, mzee wa kanisa mwenye wajukuu, akilazwa kifudifudi mbele ya nyumba ya kukaushia, suruali imeshushwa, kwa sababu magunia matatu yalilowa mvua. Mimi ndiye niliyeamriwa kuhesabu viboko kwa sauti, maana nilisifiwa kwa hesabu. Nikahesabu bila kukosea. Siku ile niliamua kwamba mimi sitalazwa pale, na njia niliyoiona ilikuwa moja tu.

Mwaka ule wakaguzi hawakutaka kupanda milima yetu katika matope. Walitangaza kwamba waombaji wa Masisi na Walikale washuke wao wenyewe mpaka Goma, kwenye shato, nyumba kubwa ya mfano wa ngome iliyoko kando ya ziwa, wale chakula cha mchana cha Jumapili mbele ya mkaguzi. Kila mmoja aje na mke, watoto na mzazi mmoja. Walitaka kuona, barua ilisema, kama mstaarabu anawavuta wazee wake kwenda naye mbele au anawaficha. Baba alikuwa amekwisha kusema lake, na mama asingekwenda bila yeye. Mzazi mmoja tu ndiye aliyebaki karibu, na huyo alikuwa mama mkwe wangu.

Hapo ndipo penye shida, na wasomaji wa kwetu wameshaiona. Mke wangu ni mtu wa Walikale, wa msituni. Mama yake alikuwa amepanda kwetu kumsaidia kulea mtoto wetu wa kwanza, msichana wa miezi tisa. Kwao, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, na juu ya yote hawaonani wakila. Kwetu milimani desturi hiyo ipo pia, ila tumeilegeza kidogo. Wao hawajalegeza hata uzi. Mama mkwe akinisikia nakuja njiani, aliingia kwenye mahindi akanipa mgongo mpaka nipite. Nyumbani alikaa nyuma ya ukuta wa matete. Tukiwa na neno la kuambiana, alilipitisha kwa mtoto.

“Wee mutoto,” alisema kule nyuma ya matete, “ambia papa yako kama chumvi iko inaisha.”

Mtoto alinyonya kidole.

“Ambia koko yako,” nilimjibu bibi kupitia mjukuu, “nitaleta kesho.”

“Ambia papa yako hata jana alisema kesho.”

Nilikiona kitu hiki kuwa upuuzi mtupu. Nilikuwa na kijitabu cha adabu, nimekisoma mpaka kikaachana mgongo, na hakikuwa na ukurasa hata mmoja unaosema mtu azungumze na mama wa mke wake kupitia kichanga. Nilimwambia mke wangu kwamba katika nchi zilizoendelea watu hula na wakwe zao kila Jumapili. Akaniuliza: “Na banapenda ile?” Nikasema kupenda hakumo katika jambo hili. Alicheka, akaenda kumwambia mama yake. Kwa siku mbili matete yalikuwa kimya. Siku ya tatu nikasikia:

“Wee mutoto, ambia papa yako nitaenda. Alishaoa mutoto wangu, nitamuacha ateswe juu ya mudomo?”

Nikaanza kuwafundisha. Nilinunua uma mbili za bati kwa Mgiriki wa Sake, na kwa kuwa zilikuwa mbili tu, mke wangu alitumia moja na mama yake nyingine. Nilijua wazungu hupenda njegere, na njegere ndicho chakula kibaya kuliko vyote kwa mtu anayekaguliwa, maana huviringika. Tulifanya mazoezi kwa maharagwe. Mke wangu nilimfundisha kwa kumwona. Yaliwarukia kuku, naye alicheka, nami nilimkemea mpaka akalia. Ni jambo ninaloliandika kwa aibu. Mama mkwe nilimfundisha kwa kumsikiliza. Nilikaa upande wangu wa ukuta, mgongo kwenye matete, nikasikiliza bati juu ya sahani.

“Ambia koko yako ule mulio ni mukubwa. Uma usigonge.”

Kimya. Kisha mlio mdogo.

“Ambia koko yako bado.”

Baada ya wiki moja sikusikia kitu tena. Nilidhani ameacha kula. Mke wangu alichungulia, akaniambia sahani iko tupu na hakuna haragwe chini. Mume wa mama yule ni mwindaji, na mama mwenyewe amechuna wanyama tangu utoto kwa kisu kisichozidi kidole. Uma wa bati haukuwa kitu kwake. Sikumsifu. Nilisema hata nyani hufundishika. Naye alisikia, maana matete si mawe, na hakumtuma mtoto na jibu.

Pia nilichora meza. Nilimwomba shofere wa shamba, aliyekuwa akipeleka magunia kule kila wiki, anieleze meza ya shatoni ilivyo, nikaichora kwa rula, ndefu, viti kumi na viwili. Nilimweka mama mkwe upande wangu, kiti cha mwisho, watu watatu kati yetu. Hivyo tungekula meza moja bila kuonana. Nilijivunia mchoro ule kuliko mtoto wangu.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi, juu ya magunia ya pareto. Mama mkwe alikaa nyuma kabisa akitazama tulikotoka, kitambaa kikubwa kichwani. Mimi nilikaa mbele nikitazama tunakokwenda. Mke wangu alikaa katikati na mtoto, kama posta. Vumbi la pareto lilitupigisha chafya mpaka Mushaki, na kwenye kona za kushuka Sake nilishika kofia kwa mikono miwili, nikaacha gunia linishike lenyewe. Tuliposimama Mubambiro kumwagia maji injini, shofere alizunguka nyuma akamwangalia mama mkwe aliyejifunika.

“Karani, huyu mama iko nasafiri sawa mufungwa. Aliiba nini?”

“Wee mutoto,” kikasema kitambaa, “ambia shofere niliiba binti wangu kwa muntu wa maana, nikamupa karani.”

Shofere alicheka mpaka akamwaga maji kwenye viatu vyake. Mke wangu alicheka. Mimi nilitoa kijitabu nikajifanya nasoma, nacho nilikuwa nimekishika kichwa chini.

Mji wa Goma niliudharau mara moja. Nilitazamia nyumba zinazofuatana kama herufi katika mstari. Nikakuta barabara ya mawe meusi ya volkano, maduka yenye milango ya buluu, na nyuma ya maua, nyumba za wazungu zimegeuzia barabara mgongo ili zitazame maji. Watu wetu wengi huliita ziwa lile bahari. Niliwahi kuwaeleza makarani wenzangu, kwa ukali, kwamba bahari ina chumvi. Sasa nilisimama mbele yake nami sikuona cha kueleza. Maji mengi, hayana kazi, yanakuja na kurudi kama mtu aliyesahau alichofuata.

Mama mkwe alikuwa hajawahi kusimama mahali pasipo na miti mbele yake. Alikaa muda mrefu, mgongo kwangu.

“Wee mutoto, uliza papa yako: huyu alikata miti yote hivi, aliipeleka wapi?”

“Ambia koko yako hapakuwa na miti. Ni maji tangu mwanzo.”

“Ambia papa yako yeye alikuwako?”

Mke wangu alitaka kutia miguu majini. Alikuwa amekwisha kuvua viatu, vile vyeupe nilivyomkataza kuvaa kabla ya Jumapili. Kulikuwa na ubao wa Kifaransa unaosema sehemu ile ya mchanga si ya wenyeji. Niliusoma haraka, kwa sauti, nikifurahia kila neno, nikawaondoa pale kabla mlinzi hajatugeukia. Mlinzi alikuwa amelala. Ningeweza kumwacha atie miguu yake maji hata dakika moja. Nilitii ubao uliokuwa peke yake.

Tulilala kwa katekista mmoja, ndugu wa shofere, na asubuhi baada ya misa tukaenda shatoni.

Wengi wameipiga picha shato ile na kuiweka kwenye kalenda, kwa hiyo nitasema nilichokiona. Ni nyumba ya mawe meusi yenye mnara mmoja, ukuta wenye meno juu, na mlango ambao mtu angeweza kupitishia ng’ombe wawili kwa pamoja. Aliijenga mkulima mmoja wa kahawa aliyetajirika, kwa mfano wa ngome ya babu zake huko kwao. Kisha akachoka na nchi akarudi, na serikali ikaifanya mahali pa karamu. Msimamizi wake, mtu mrefu mwenye kofia nyekundu na vifungo vya shaba, alitupokea sisi waombaji watatu na jamaa zetu, akatuzungusha kabla ya chakula.

“Hii shato iko ya zamani saana,” alisema, mkono kifuani. “Hata wakubwa ya Ulaya banakuja kuiangalia.”

“Kaka,” akasema shofere, ambaye hakualikwa lakini aliingia, “ndugu yangu mukubwa alipasua haya mawe. Bado iko kijana.”

“Iko ya zamani kwa sura,” akajibu msimamizi bila kuona haya. Akaonyesha kuvu ya kijani ukutani. “Unaona hii? Haikuji yenyewe. Kila wiki tunapaka maziwa ya kuganda. Ndoo mbili. Njo inaota, njo ukuta unazeeka.”

Familia za milimani zilisimama. Mwombaji wa kutoka Kibabi, mtu mnene aliyekuja na mama yake mzazi, alirudia polepole: “Ndoo mbili. Kwa ukuta.” Mama yake alipiga makofi mara moja, kama mtu aliyeambiwa kifo. Kwetu mtoto akimwaga maziwa huulizwa kama ana wazimu. Mimi nilitikisa kichwa kwa heshima na kusema kwa Kifaransa kwamba inapendeza sana. Hakuna aliyeniuliza.

Juu ya mnara kulikuwa na nyufa nyembamba ukutani. Msimamizi alisema ni za kupigia mishale adui akija. Mama mkwe, aliyekuwa amegeukia ukuta ili nipite, aliingiza mkono katika ufa, akakunja kiwiko, akautoa.

“Wee mutoto, ambia huyu papa ya kofia kama hapa hakuna muntu anaweza vuta upinde. Kiwiko kitagonga. Alijenga tundu ya nini?”

Msimamizi alisema ni ya kupitisha hewa pia. Katika ukumbi, mikuki ya watu wetu ilikuwa imefungwa pamoja na kutundikwa ukutani juu ya meko kama fagio. Niliyaona yote yale, na nilijua ni uongo mtupu, ukuta uliozeeshwa kwa maziwa na ngome isiyoweza kurusha mshale. Na bado niliitetemekea. Hilo ndilo siwezi kujisamehe: niliidharau nyumba ile, na nilitaka initambue.

Mkaguzi alikuja saa sita na nusu, mtu mwenye shingo fupi na daftari dogo mfukoni, pamoja na bibi yake. Aliongea Kiswahili kile cha kuamrisha ambacho wazungu wengi walikuwa nacho, kisichokuwa na tafadhali. Meza ilikuwa kama nilivyoichora, viti kumi na viwili. Nilimwongoza mke wangu, nikamwonyesha mama mkwe kwa kidole kiti cha mwisho, nikashika cha kwangu.

“Hapana hivyo,” mkaguzi akasema. “Wewe, hapa. Mama yako, hapa mbele yako. Mtoto nazungumuza na mama wake, banaangaliana. Ni familia ao ni wasafiri?”

Nilisema, kwa Kifaransa nilichokiandaa kwa mambo mengine, kwamba ni mama wa mke wangu.

“Vizuri zaidi,” akasema, akakaa kichwani mwa meza.

Basi mama mkwe alikaa mbele yangu, akatoa kitambaa kichwani kwa sababu bibi wa mkaguzi alimwonyesha kwa ishara akitoe, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili ya ndoa nikaiona sura yake. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani. Alikuwa na pua ya mke wangu. Alitazama ukuta juu ya kichwa changu.

Walileta nyama, viazi na njegere. Mkaguzi akasali, akachukua uma wake, na akaacha daftari wazi kando ya glasi. Wote wakaanza. Mwombaji wa Kibabi alikata nyama kama anakata kuni lakini aliila. Mama yake alikula kwa kijiko, naye hakukatazwa. Mke wangu, ambaye nilimliza juu ya maharagwe, alikula polepole bila kudondosha hata moja, akimlisha mtoto viazi kwa mkono mwingine. Mama mkwe alichukua uma. Sikusikia mlio wowote.

Mimi nilichukua uma wangu. Nilichoma kipande cha nyama vizuri sana, kwa pembe iliyoandikwa katika kijitabu. Nikakiinua. Kilipofika karibu na mdomo, koo langu lilifunga.

Sikutazamia hilo. Nataka nieleweke. Sikuiamini desturi ile. Niliicheka kwa miaka miwili mbele ya mke wangu. Nikarudisha uma chini, nikafuta mdomo ambao haukuwa na kitu, nikajaribu tena kwa njegere tatu. Mkono ulipanda, mdomo ukakataa kufunguka mbele ya mwanamke yule, kama vile angenivua nguo. Nikajiambia kwa Kifaransa: kula, mjinga. Nikajiambia kwa lugha ya mama yangu. Nikamwona yule mzee wa kanisa chini mbele ya magunia, na hata hilo halikufungua koo.

“Na wewe?” akasema mkaguzi. “Hapana kula?”

“Ninakula, Bwana.”

“Sioni.”

Ndipo mama mkwe, bila kushusha macho kutoka ukutani, alipomwinamia mtoto.

“Wee mutoto,” alisema taratibu, “ambia papa yako ninafunga macho. Akule.”

Akafunga macho. Akaendelea kula. Uma wake ulishuka sahanini ukapata njegere, ukapanda, ukashuka tena, bila mlio na bila kukosea, kama mtu anayeshona gizani. Bibi wa mkaguzi alicheka kidogo akaziba mdomo. Mkaguzi aliuliza kama mama huyu ni kipofu. Mke wangu alisema hapana, anaheshimu.

“Anaheshimu nini?”

Mimi ndiye niliyepaswa kumjibu. Nilikuwa na Kifaransa cha kutosha. Ningesema: kwetu ni hivi, na mama huyu anafanya jambo kubwa kwa ajili yangu, nanyi mnacheka. Ningeweza pia kula tu, maana alikuwa amenifungulia njia kwa mikono miwili, na wote walikuwa wanangoja. Nilipeleka uma mdomoni mara ya tatu. Nikaurudisha. Nilimwona mama mkwe, macho amefunga, akisikiliza. Alinisikiliza kama nilivyomsikiliza mimi nyuma ya matete, naye alisikia uma ukirudi sahanini umejaa.

Mkaguzi aliandika mstari mmoja. Sahani zikaondolewa. Yangu ilikuwa imepangwa vizuri kuliko ya mtu yeyote, kila kitu mahali pake.

Kurudi tulipanda magunia matupu. Mke wangu aliuliza mara moja tu, “Ulikuwa mugonjwa?” nikamwambia ndiyo. Huko nyuma mama mkwe alikuwa amejifunika tena. Kwenye mlima wa Mushaki mvua ilitukuta, naye akamtuma mtoto aniambie nijifunike turubai. Sikumrudishia neno. Wiki iliyofuata alirudi kwao Walikale kwa miguu, na hakumsimulia mtu yeyote jambo lile, kwetu wala kwao. Najua, kwa sababu kama angelisimulia lingerudi kwangu likiwa na mkia.

Barua ilifika baada ya majuma matatu. Ilisema mwombaji ana elimu ya kutosha na mwandiko mzuri sana, familia yake ni mfano bora, hasa wanawake; lakini yeye mwenyewe mezani anaonyesha dharau. Bado. Aombe tena. Neno lile, dharau, nililisoma tena na tena. Baba yangu ambaye sikumsamehe, shofere, msimamizi na kofia yake, mkaguzi, mji, maji yale, yule mama: niliwadharau wote, na hakuna aliyeniandika kwa hilo. Chakula kile ndicho kitu pekee ambacho sikukidharau.

Sijaomba tena. Kazini bado ni karani wa kukaushia pareto na bado naweza kulazwa pale nje siku yoyote mvua ikinyesha vibaya. Wenzangu waliponiuliza kwa nini nilikosa kadi, niliwaambia wazungu wale hula nyama mbichi, damu inatoka, na mimi nilikataa kula mzoga mbele yao. Habari hiyo ilinipa sifa. Imefika Kibabi na kurudi, na kuna watu hapa Karuba wanaonisalimia kwa heshima kwa sababu yake. Hata baba aliisikia, akasema kwa mara ya kwanza maishani mwangu kwamba nilifanya vema.

Nyama haikuwa mbichi. Ilikuwa imeiva vizuri, ina vitunguu na mchuzi mzito, na nilikuwa na njaa.